Je, Wajua? Mgomo Uliozaa Chama

Mgomo mkuu wa Mombasa ulioanza Januari 13, 1947 haukuitishwa na chama chochote kilichosajiliwa. Makuli wa bandarini, wengi wao vibarua wa kutwa, waligoma pamoja na watu wa reli, wapishi wa hoteli, hata maboi wa majumbani. Jumla walizidi 15,000, wakidai mishahara inayolingana na ughali wa maisha. Walikutana kwenye uwanja wa mpira, wakauita Kiwanja cha Maskini, na chama chao cha wafanyakazi kikazaliwa mgomo ukiendelea. Baada ya siku kumi na kitu, Eliud Mathu, mjumbe Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwashawishi warudi kazini wasubiri baraza la usuluhishi. Baadhi yao waliongezwa mishahara. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo na kupelekwa uhamishoni Kabarnet.