Kumtunza mbwa ni kuwakinga watoto wa boma

KATIKA maboma mengi humu nchini, mbwa hukumbukwa usiku tu, wakati anapobweka langoni. Kukipambazuka hufungwa mnyororo nyuma ya nyumba na kutupiwa ugali uliosalia. Baada ya hapo hakuna anayemjali tena hadi jua litue.

Wengi hudhani kwamba kumpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo ni anasa ya matajiri. Dhana hiyo ina gharama kubwa. Mbwa asiyetunzwa huteseka, lakini watu anaoishi nao pia huwa hatarini, hasa watoto wanaocheza naye.

Hatari iliyo kuu zaidi ni kichaa cha mbwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu, na takriban watu wanne kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zinapojitokeza kwa mgonjwa, karibu kila mara huishia kwa kifo.

Hata hivyo, kinga ipo na ni rahisi. Mtoto wa mbwa huchanjwa anapofikisha umri wa miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. Mwenye mbwa anapaswa kuhifadhi cheti cha chanjo, kwani mbwa akimuuma mtu, daktari atataka kukiona.

Chanjo ya boma moja pekee haitoshi. Wataalamu wanakadiria kwamba sharti angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani wachanjwe ili ugonjwa ukose njia ya kuenea. Ndiyo maana mpango wa kitaifa uliozinduliwa mwaka wa 2014, wenye lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030, unategemea chanjo ya mbwa kwa wingi.

Baada ya chanjo, jambo la pili ni minyoo. Yaliyotokea Turkana ni funzo kwa nchi nzima. Kwa miaka mingi eneo hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoathiriwa zaidi duniani na ugonjwa unaoletwa na aina ya tegu mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa.

Mbwa huambukizwa anapokula ini au mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe aliye na ugonjwa huo. Mayai ya tegu hutoka kwenye kinyesi chake, hushika manyoya na udongo, na kumfikia binadamu kupitia mikono, maji au chakula. Ndani ya mwili wa mtu hugeuka uvimbe uliojaa maji, ambao hukua polepole kwa miaka na huenda ukahitaji upasuaji. Shirika la Amref lilianzisha mpango wa kuukabili ugonjwa huo Turkana katika miaka ya 1980, na kuwapa mbwa dawa kulikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Kwa hivyo, mnyama anapochinjwa nyumbani, viungo vya ndani visitupiwe mbwa vikiwa vibichi. Vichemshwe vizuri, na vilivyo na uvimbe vichomwe au vizikwe katika shimo refu. Mtoto wa mbwa huanza kupewa dawa ya minyoo akiwa na umri wa wiki mbili, naye mbwa mkubwa hupewa kila baada ya miezi mitatu. Watoto nao wazoeshwe kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa.

Kuhusu chakula, ugali mtupu hushibisha tumbo lakini haujengi mwili. Uchanganywe na omena, nyama au matumbo yaliyochemshwa. Mbwa mkubwa hulishwa mara mbili kwa siku, na mdogo mara tatu au nne. Maji safi yawepo wakati wote.

Baadhi ya makombo ni hatari kwake. Vitunguu vilivyo ndani ya mchuzi huharibu damu ya mbwa, nazo chokoleti na zabibu humdhuru. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Makao nayo yana umuhimu wake. Mbwa hatoki jasho kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema huku ametoa ulimi nje. Kibanda chenye paa la mabati lililo chini sana humgeukia tanuri adhuhuri. Kiwekwe kivulini, na sakafu iinuliwe ili mvua isiingie. Matandiko yafuliwe na kuanikwa juani ili kupunguza viroboto. Kupe wakaguliwe kila mara masikioni na katikati ya vidole, kwani huambukiza homa inayoweza kumuua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe bila ushauri wa daktari. Ikizidi kipimo ni sumu.

Kumfunga mnyororo mchana kutwa hakumfanyi mbwa kuwa mlinzi bora. Humjaza hasira na woga, na siku akifunguka, wa kwanza kuumwa anaweza kuwa mtoto wa jirani. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtambua kuwa mkosaji mtu anayemtesa mnyama wake au kumnyima chakula na maji.

Asiyetaka watoto wa mbwa amhasi dume au jike lake lifungwe kizazi. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wanaotupwa kandokando ya barabara ndio wanaokuwa mbwa koko wasiochanjwa.

Iwapo mtu ataumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitalini kudungwa chanjo bila kungoja dalili. Mbwa anayetokwa na mate mengi na kushindwa kumeza asitiwe mkono kinywani kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Huenda hicho ndicho kichaa chenyewe. Afisa wa mifugo aarifiwe mara moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sindano moja kwa mwaka, dawa ya minyoo na bakuli la maji ni gharama ndogo ikilinganishwa na maisha ya mtoto.