Fungu la Samaki na Minazi ya Kukodisha

Wakulima wa Bongwe, pengine mtasema: mambo ya bahari kuu yatuhusu nini sisi wenye minazi na mihogo? Yanawahusu, maana jodari aletwaye Gazi na Msambweni ndiye yuleyule anayefuatwa na meli za mbali.

Jodari hajui mpaka. Kwa hiyo nchi nyingi zilifanya Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, iliyoanza mwaka 1996, makao yake Shelisheli. Mwaka 2015 wataalamu walitambua kwamba jodari wa mapezi ya manjano amevuliwa kupita kiasi, na mwaka uliofuata nchi zenye meli kubwa ziliagizwa kupunguza.

Palipo na kipimo pana fungu, na nchi isiyomaliza fungu lake huweza kumwachia mwenziwe. Katika bahari ya Atlantiki, mapatano ya mwaka 2016 yaliruhusu Japani kuihamishia China tani 1,000 za jodari wa macho makubwa kwa mwaka. Angalieni vema: kilichohamishwa ni ruhusa ya kuvua, wala si samaki. Fungu la mmoja hupungua, la mwenziwe huongezeka, na jumla hubaki ileile.

Shida i wapi? Tuseme umekodisha minazi yako miaka kumi. Siku ya kugawa shamba, aliyekodi asimama: "Nazi zote hizi nimeangua mimi, basi minazi ni yangu." Utakubali? Hoja kama hiyo imo katika mazungumzo ya kugawa mafungu ya Bahari ya Hindi, yaliyoanza Nairobi mwaka 2011. Meli za kigeni zimevua kwa leseni katika maji ya nchi za pwani. Wenye meli walitaka samaki hao wahesabiwe kwao. Nchi za pwani zikajibu kwamba hesabu ni ya mwenye maji. Kenya ilitangaza haki yake ya maili 200 tangu mwaka 1979.

Ninyi mwajua kwamba shamba la skimu haliuzwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi. Fungu la samaki nalo lafaa liandikiwe hivyo: latolewa kwa muda gani, na samaki watahesabiwa kwa nani.

Samaki asiyepimwa ufuoni hamo katika hesabu ya nchi. Basi mwenye ngalawa, au sehemu katika mashua, ahakikishe jodari wake wamepimwa na kuandikwa na BMU kabla tajiri hajawachukua.