Koroga Pipa Mpaka Klori Ienee

Ndugu wafanyakazi, katika kartie ya Lumumba, hapa Bunia, wengi wanatia klori katika pipa la maji ya kunywa, wanazungusha fimbo mara tatu nne, kisha wanafunika. Je, kazi imekwisha? Bado.

Tazameni kikombe cha chai yenye majani. Ukizungusha kijiko upande mmoja, majani hayasambai, yanakusanyika chini katikati. Mwaka 1926 mtaalamu Einstein alieleza sababu: maji ya chini yanasuguana na kitako cha kikombe, yanapunguza mwendo, basi yanasogea katikati na kubeba majani. Ndani ya pipa ni vile vile. Maji yote yanazunguka pamoja kama gurudumu; ya juu yanabaki juu, ya chini yanabaki chini. Anayechota kwanza anakunywa maji yasiyo na dawa ya kutosha. Wa mwisho anapata maji makali, anayamwaga na kurudi mtoni. Na kipindupindu hakiko mbali: kule Tchomia na Kasenyi, kandokando ya Ziwa Albert, kimerudi mara nyingi.

Wenzetu wa viwanda vya dhahabu wanalijua jambo hili. Katika matangi ya kukorogea, ukutani kwa ndani hufungwa vibao vya chuma vilivyosimama, mara nyingi vinne, kila kimoja upana wake karibu sehemu ya kumi ya upana wa tangi. Vinavunja mzunguko, maji yanapanda na kushuka. Pipa letu halina vibao, kwa hiyo mkono ndio uvunje mzunguko.

Usimwage unga wa HTH moja kwa moja katika pipa. Yeyusha kwanza gramu 15 za unga wa asilimia 70 katika lita 1 ya maji. Unga ndio uingie katika maji, kamwe usimwage maji juu ya unga! Acha masimbi meupe yatulie, tumia maji ya juu. Kwa pipa la lita 200 pima mililita 40, yaani miligramu 2 za klori kwa kila lita. (Maji ya kunawa mikono wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, yalikuwa ya asilimia 0.05, hayo si ya kunywa.) Maji ya matope yanakula klori, yaacheni yatulie kwanza.

Tia dawa pipa likiwa nusu, kisha mwaga bidoni zilizobaki kwa nguvu: maji yanayoanguka yanachanganya kuliko fimbo. Halafu shika bomba safi la plastiki, si chuma, lishindilie juu na chini karibu na ukuta, na kila mara geuza upande wa kuzungusha.

Funika dakika 30. Pima kwa kidonge cha DPD maji ya juu, kisha ya chini: tunataka klori ya miligramu 0.5 hivi kwa lita. Rangi ya chini ikizidi ya juu, koroga tena na upime upya.