Skrubu Iliyojificha: Namna ya Kuvua Mikono ya Breki ya Baiskeli ya Mbio ya Zamani

Siku hizi hapa chuoni baiskeli za mbio za zamani zimeanza kuonekana. Nazungumzia zile nyembamba, za usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, zinazoshuka na makontena ya mitumba kutoka Japani na Ulaya. Kwa mwanafunzi ambaye bumu limekata na bado anatakiwa atoke Mabibo awahi kipindi cha saa moja asubuhi, hiyo ni mali. Lakini nyingi zilitengenezwa miaka ya 1970 na 1980, kwa hiyo breki zake zina umri kuliko mwenye baiskeli. Na chuo chetu kiko mlimani. Kwenda ni jasho, kurudi ni breki.

Mimi nasoma ualimu, si ufundi. Ila nimevua na kurudisha mikono ya breki ya baiskeli yangu na ya wenzangu kadhaa pale nje ya hosteli, na kila mara naulizwa swali lilelile: "Sasa hii inafunguliwa wapi?" Swali zuri. Mkono wa breki wa zamani, yaani kile kishikio unachokibana kwa vidole, ukiuangalia kwa nje huoni skrubu yoyote inayoushikilia kwenye usukani. Ndiyo maana watu wanauvuta, wanaugonga, mwisho wanaupasua. Skrubu ipo. Imo ndani, na inaonekana tu ukibana breki.

Kwa nini uhangaike kuvua kitu ambacho bado kinabana? Kwa sababu waya wa breki hupenda kukatikia mahali usipopaona. Ndani ya mkono, waya unaishia kwenye kichwa kidogo cha chuma kilichokaa kwenye tundu lake. Kila ukibana, waya unajikunja kidogo hapo, na nyuzi zake zinakatika mojamoja. Nje unang'aa, ndani zimebaki nyuzi mbili.

Waliosikiliza somo la sayansi shule ya msingi wanakumbuka wenzo: egemeo, mzigo na jitihada. Mkono wa breki ni wenzo mtupu. Egemeo ni ile pini inayopita ubavuni, mzigo ni waya, jitihada ni vidole vyako. Vidole viko mbali na egemeo, waya uko karibu nalo, kwa hiyo nguvu ndogo ya vidole inageuka kuwa nguvu kubwa kwenye waya. Sasa fikiria waya wenye nyuzi mbili. Ukijaribu breki umesimama, unaweza kushika vizuri tu. Utakatika siku utakayobana kwa nguvu zako zote, na hiyo ndiyo siku unayouhitaji.

Vifaa si vingi: bisibisi bapa ndefu, spana ya boksi ya milimita 8, alenki ya milimita 5, spana ya kulegezea waya, plaizi, mafuta ya kulainisha kutu na kitambaa. Hutatumia vyote. Mikono ya Weinmann, Mafac, Campagnolo na Dia-Compe haifanani kwa ndani, kwa hiyo chungulia kwanza ndipo uazime spana kwa jirani.

Kabla ya kugusa chochote, andika mkono upi unabana breki ipi. Baiskeli za Japani na Uingereza kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia, za Marekani na baadhi ya nchi za Ulaya iko kushoto. Ukirudisha kinyume na ulivyozoea, siku ya dharura utabana ya mbele ukidhani ya nyuma, na utaruka juu ya usukani.

Hatua ya kwanza ni kulegeza waya kule chini, kwenye breki yenyewe inayobana rimu. Legeza nati inayoushika, uuvute utoke. Ncha ikiwa imechanuka kama ufagio, ikate kwa plaizi, la sivyo haitapita.

Hatua ya pili, toa tepu ya usukani. Tafuta inapoishia, ama karibu na shingo ya usukani, ama chini ya kizibo kilichoko mwisho wa bomba. Usiikate kwa wembe ukakwangua bomba la alumini. Mkwaruzo mdogo unaweza kuwa mwanzo wa ufa.

Hatua ya tatu, bana breki mpaka mwisho na usukume waya kutoka upande wa chini, kichwa chake kitoke kwenye tundu. Vuta waya wote. Sasa chungulia ndani ya mkono ukiwa umeubana, mwangaza wa simu unasaidia. Utaona kichwa cha skrubu kikikutazama. Zingine ni za bisibisi, zingine ni nati ya milimita 8, na zile za baadaye kidogo ni alenki.

Hatua ya nne, zungusha kinyume na saa, mizunguko michache tu. Usiitoe yote. Skrubu hiyo inavuta pete ya chuma iliyouzunguka usukani, na ikitoka kabisa pete inaanguka na kuirudisha ni kazi ya nusu saa. Mkono ukianza kucheza, inatosha. Uteleze kufuata mpindo wa usukani, kuelekea chini, mpaka utokee mwisho wa bomba.

Ukigoma je? Jasho lina chumvi, na chumvi ya miaka arobaini inashikanisha vyuma kama gundi. Tia mafuta kwenye skrubu na kwenye pete, acha usiku kucha, ukiangalia yasidondokee raba za breki wala rimu. Asubuhi jaribu kuuzungusha mkono kulia na kushoto taratibu. Nyundo weka mbali. Alumini ya zamani haipindi, inapasuka. Ule mpira unaofunika mkono nao, kama umekauka, ulainishe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuukunja.

Zipo baiskeli zenye mkono wa pili unaopita chini ya sehemu ya juu ya usukani. Ulienea miaka ya 1970, Marekani ilipokumbwa na wimbi la kununua baiskeli, ili mtu abane breki bila kuinama. Nakushauri uuondoe. Unapinda ukibanwa na haufiki mbali, kwa hiyo breki inakuwa dhaifu. Umefungwa ubavuni kwenye pini ya egemeo, na pini hiyo ni ndefu kuliko ya kawaida. Ukiutoa, tafuta pini fupi au ziba nafasi kwa washa, vinginevyo mkono mkuu utachezacheza.

Mkono ukishatoka, usikimbilie kurudisha. Futa usukani pale pete ilipokuwa na upitishe ukucha: ufa unanasa ukucha hata kama jicho halijauona. Ukiukuta, usukani huo umekwisha kazi. Waya wa zamani usiurudishe hata kama unaonekana mzima. Waya mpya ni rahisi kuliko kulala MOI.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa: tia grisi kidogo kwenye skrubu, telezesha, kaza. Kuweka usawa, shikiza rula chini ya sehemu iliyonyooka ya usukani, kule chini, na ncha ya mkono wa breki iguse rula hiyo. Fanya hivyo pande zote mbili. Kabla ya kufunga tepu, shika kila mkono uuzungushe kwa nguvu. Ukisogea, kaza tena.

Halafu bana kila breki mara kumi kwa nguvu zote ukiwa umesimama, kaza upya nati ya waya kule chini, ndipo upande. Jaribio la kwanza lifanye uwanjani, kwenye tambarare, kwa mwendo wa kutembea. Mlima haukimbii. Utaukuta kesho.