Kipandauso na Maajabu Yake

Hapa Juba mtu akisema kichwa chamwuma, aghalabu huambiwa ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna maumivu mengine ya kichwa yajayo na mambo ya ajabu, hata mgonjwa huona haya kuyasema, asije akadhaniwa amepagawa.

Katika hayo kipandauso ndicho kijulikanacho zaidi. Kwa wagonjwa wengine, kabla kichwa hakijaanza kuuma, macho huona vimulimuli na mistari kama meno ya msumeno, nayo huenea polepole hata ukurasa wa kitabu ukaonekana una tundu. Wengine hufa ganzi vidoleni, ganzi ikapanda mkono mpaka midomoni. Wengine hukosa maneno wayajuayo sana. Mambo hayo hukaa dakika 5 hadi 60, kisha huondoka. Macho hayana kosa. Mwaka 1944 Aristides Leão wa Brazili alieleza wimbi aliloliona katika ubongo wa sungura, lizimalo kazi ya ubongo likienda milimita 3 hivi kwa dakika. Wataalamu huona kwamba wimbi la namna hiyo ndilo liletalo ile mistari.

Wala si maradhi ya Wazungu tu, kama wasemavyo wengine. Karibu na hospitali ya Haydom, kaskazini ya Tanzania, watu zaidi ya 7,000 waliulizwa nyumba kwa nyumba, na karibu 4 katika kila 100 walikuwa nacho.

Kuna ugonjwa mwingine, wa nadra lakini mkali zaidi, ambao mapigo yake huja makundi makundi: majuma kadhaa mfululizo, mara nyingi saa ile ile ya usiku, kisha hukoma kwa miezi. Huuma upande mmoja, kwenye jicho, dakika 15 hadi saa tatu. Jicho hilo huwa jekundu na kutoa machozi, kope hulegea, tundu la pua huziba. Mwenye kipandauso hutaka kulala gizani kimya. Huyu hawezi kutulia, huzunguka chumbani, hata hugonga kichwa ukutani. Bwenini ataitwa mwenda wazimu, na kumbe yu mgonjwa! Hospitalini, oksijeni ivutwayo kwa nguvu huwatuliza wengi kwa robo saa.

Lakini kichwa kiumacho pamoja na homa na shingo kukakamaa ni jambo jingine kabisa. Nchi yetu imo katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo, na mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo aliyekufa ganzi au kupotewa na maneno kwa mara ya kwanza: asingoje dakika 60 zipite.