Nesi askari, nesi afisa

Katika hospitali ya jeshi la Marekani, tuseme Brooke pale San Antonio, Texas, wauguzi wawili wanaweza kumhudumia mgonjwa mmoja zamu nzima wakiwa na sare zinazofanana, na mgonjwa asiing'amue tofauti yao. Mmoja anapima presha, anasafisha kidonda na kukifunga, anagawa dawa za usiku. Mwingine anaandaa mpango wa uuguzi, anaikagua kazi ya mwenzake, anampigia daktari simu hali ikibadilika. Zamu ikiisha wakakutana nje kwenye maegesho ya magari, wa kwanza atampigia wa pili saluti. Huyo wa pili ni afisa. Wa kwanza, hata kama ana miaka kumi na mitano wodini na afisa wake amemaliza chuo mwaka jana, ndiye atakayenyanyua mkono.

Naanza na saluti kwa sababu vijana wetu walioko Marekani wanaoniuliza habari za uuguzi wa jeshini huanza na mshahara. Mshahara utajulikana tu, unafuata cheo. Jambo la kulijua kwanza ni kwamba jeshi lile lina milango miwili ya uuguzi, na ukishaingia kwa mmoja, kuhamia wa pili ni safari ya miaka.

Mlango ninaouzungumzia hapa ni ule wa muuguzi wa vitendo, ambaye Wamarekani humwita LPN, isipokuwa Texas na California wanakosema LVN. Kwetu wa kumkaribia ni muuguzi wa ngazi ya cheti. Amesoma karibu mwaka mmoja, ana leseni, na anafanya kazi chini ya usimamizi wa muuguzi msajiliwa au daktari. Anaweka mpira wa mkojo, anatoa dawa, anafuatilia dripu. Yapi anaruhusiwa kufanya kwenye mshipa wa damu hutegemea jimbo, na hapo Wamarekani hawakubaliani wao kwa wao. Jeshini fani hii inajulikana kwa namba: 68C. Wenye umri mkubwa wataikumbuka kama 91C, jina lake la enzi za vita vya Vietnam.

Kwa nini nesi msajiliwa awe afisa na huyu asiwe? Jibu limo katika historia zaidi ya uuguzi wenyewe. Kikosi cha Wauguzi cha jeshi la nchi kavu kiliundwa mwaka 1901, kikiwa cha wanawake pekee, na wanawake hao hawakuwa na cheo chochote. Walitoa amri wodini lakini askari hakulazimika kuwatii. Mwaka 1920 wakapewa vyeo vya heshima tu, visivyo na mshahara wala mamlaka kamili. Uafisa wa kudumu ulikuja mwaka 1947, baada ya vita kuu mbili, na wanaume waliruhusiwa kuingia kikosini mwaka 1955. Kwa hiyo cheo cha nesi afisa kilipiganiwa karibu nusu karne, na leo kimefungwa kwa shahada ya kwanza ya uuguzi. Muuguzi wa vitendo hakuwemo katika madai hayo. Alibaki upande wa askari, akifundishwa na jeshi lenyewe kujaza wodi ambazo maafisa peke yao wasingezimudu.

Ndiyo maana huhitaji kuwa nesi ili uingie kwa mlango huu. Unaingia kama kuruti, unapita mtihani wa uwezo uitwao ASVAB kwa alama za juu kuliko zinazodaiwa na fani nyingi, kisha wiki 10 za mafunzo ya kijeshi: kwata, shabaha, kulala porini. Baada ya hapo ndipo uuguzi huanza, Fort Sam Houston huko huko San Antonio, na sehemu kubwa ya kozi ukaimalizia katika hospitali ya jeshi, ukifanya kazi wodini na kusoma kwa pamoja. Kozi yote huchukua karibu mwaka. Ni kozi inayokimbia. Anayeanguka masomo huweza kupangiwa fani nyingine kwa jinsi jeshi linavyohitaji, si kwa jinsi yeye apendavyo, na hilo liingie akilini kabla ya kusaini.

Mwisho wa kozi kuna mtihani uitwao NCLEX-PN, ule ule wanaofanya raia. Hufanywa kwenye kompyuta, na kompyuta hiyo inakupima huku ukijibu: ukipata, swali linalofuata huwa gumu zaidi, ukikosa, hulegeza. Maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, na muda ni saa 5. Watu hutoka humo wakiamini wameanguka, kwa kuwa mashine haikuwapa swali jepesi hata moja, kumbe ndiyo dalili ya kufanya vizuri.

Leseni hiyo ndiyo thamani halisi ya 68C. Ukiwa na leseni ya jimbo moja, unafanya kazi katika hospitali yoyote ya jeshi, iwe Hawaii au Landstuhl, Ujerumani, bila kuomba nyingine. Ukivua sare, leseni inabaki yako. Hapo tena utafuata sheria za jimbo unakoishi, na wengi hugundua kwamba waliyozoea kuyafanya katika hospitali ya uwanja wa vita, wakihudumia mahututi wenye mashine za kupumulia, hayaruhusiwi katika nyumba ya wazee mtaani kwao. Nesi aliyezoea kuaminiwa huona amerudishwa darasani.

Kuhusu vita, niondoe dhana moja. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda mhudumu wa afya, lakini haimnyang'anyi silaha. Muuguzi askari hujifunza kulenga shabaha na anaweza kubeba bunduki kujilinda yeye na wagonjwa wake. Asiyetaka kabisa kushika silaha afikirie hospitali za kiraia.

Kwa Waswahili walioko kule kuna suala la uraia. Mwenye grinikadi anaweza kujiunga kama askari, hivyo mlango wa 68C uko wazi kwake. Uafisa wa Kikosi cha Wauguzi katika jeshi la kudumu hudai uraia. Kuna mpango wa kumsomesha askari shahada ya uuguzi huku akiendelea kulipwa, kisha akawa afisa, lakini nao unapita kwenye uraia huo huo. Sheria humruhusu askari kuomba uraia mapema kuliko mwenye grinikadi asiye askari, ambaye kwa kawaida husubiri miaka 5. Mkenya hapo hana shida kubwa, kwani katiba ya 2010 inamruhusu uraia wa nchi mbili. Mtanzania akiapa Marekani, sheria ya nyumbani inamhesabu kuwa ameuacha wa kwao. Mkongomani naye, katiba yake inasema uraia wa Kongo haushirikiani na mwingine. Wapo wanaoliona hili dogo mpaka siku ya kurithi shamba.

Na wewe mwenye shahada ya uuguzi kutoka Dar es Salaam au Eldoret, usikubali kuambiwa kwamba 68C ni njia ya mkato ya kuanzia. Fuatilia kwanza kutambuliwa vyeti vyako na kufanya mtihani wa wauguzi wasajiliwa. Mwenye leseni ya LPN tayari aulize utaratibu wa wenye ujuzi wa kiraia, ambao humwepusha kurudia kozi nzima.

Katika ofisi ya uandikishaji utasikia maneno matamu. Mwandikishaji ana idadi ya watu anayotakiwa kuipata mwezi huo. Ukiambiwa "utakuwa upande wa tiba, usijali", chukua mkataba utafute namba ya fani. Ikiwa imeandikwa 68W, wewe ni mganga wa vitani: kazi ya heshima, kozi fupi, na cheti cha huduma za dharura mwishoni. Leseni ya uuguzi haimo humo.