Mtihani usio na kupita wala kuanguka: Jinsi ya kumwandaa mwanafunzi

MWANAFUNZI aliyelelewa katika shule za Kenya huujua mtihani kwa sura moja tu, nayo ni sura ya hukumu. Tangu Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) uanze kufanywa mwaka wa 1989, mtahiniwa hukabiliana nao baada ya miaka minne ya masomo, kisha hutoka na gredi inayoamua iwapo ataingia chuo kikuu au la. Si ajabu basi kuwa maandalizi yake ni ya kubukua usiku kucha, kurudia karatasi za miaka iliyopita na kukisia maswali yatakayotahiniwa.

Hata hivyo, ipo aina nyingine ya mtihani ambao maandalizi ya namna hiyo hayaufai. Huu ni mtihani wa kupima maendeleo. Nchini Marekani, ambako familia nyingi za Wakenya zimehamia, na katika baadhi ya shule za kimataifa kwingineko duniani, mtihani wa aina hii unaotumiwa sana ni MAP Growth. Uliundwa na NWEA, taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1977 katika jimbo la Oregon. Mwanafunzi huweza kuufanya hadi mara tatu kwa mwaka: masomo yanapoanza, katikati ya mwaka na yanapokaribia kumalizika.

Mtihani huu hauna kupita wala kuanguka. Lengo lake ni kuonyesha mwanafunzi yuko wapi leo, na amesonga hatua ngapi tangu alipopimwa mara ya mwisho.

Hufanywa kwa tarakilishi, na wanafunzi wawili walioketi bega kwa bega hawapati maswali sawa. Mwanafunzi akijibu sawasawa, swali linalofuata huwa gumu zaidi. Akikosea, hupewa lililo jepesi kidogo. Hivyo ndivyo mashine inavyokitafuta kiwango chake halisi. Matokeo ni kwamba karibu kila mwanafunzi, awe hodari au dhaifu, hupata takriban nusu ya maswali na kukosa nusu.

Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Msichana aliyezoea kuongoza darasa hukutana na mambo ambayo hajawahi kufundishwa, akadhani amefeli, akakata tamaa na kuanza kubonyeza majibu ovyo. Kumbe kule kupewa maswali magumu ni dalili kuwa amefanya vyema. Kwa hivyo, jambo la kwanza katika maandalizi ni kumweleza mwanafunzi mapema jinsi mtihani wenyewe unavyofanya kazi.

Alama zake vilevile huwatatiza wazazi, kwa kuwa si asilimia. Hutolewa kwa kipimo kiitwacho RIT, kilichojengwa juu ya nadharia ya Georg Rasch, mwanahisabati wa Denmark. Kipimo hiki ni kama utepe wa fundi wa cherehani: mtoto hupimwa kwa utepe ule ule akiwa mdogo na akiisha kukua. Chukua mfano wa wanafunzi wawili katika somo la hisabati. Mmoja alianza mwaka na alama 212 akamaliza na 220. Mwingine alianza na 245 akamaliza na 245. Wa pili bado yuko mbele, lakini wa kwanza ndiye aliyesonga. Gredi ya kawaida ingempongeza wa pili na kumsahau wa kwanza.

Aidha, kila alama ina kiasi fulani cha kukosea, takriban pointi tatu juu au chini. Mwanafunzi aliyeteremka pointi mbili hastahili kukemewa, wala aliyepanda mbili hastahili kufanyiwa sherehe. Kinachofaa kutazamwa ni mkondo wa alama katika vipindi kadhaa.

Je, mwanafunzi wa shule ya upili aandaliwe vipi? Kwanza, azoeshwe chombo. Yapo mazoezi mafupi ya bure katika intaneti yanayomwonyesha jinsi maswali yanavyotokea kwenye skrini na jinsi ya kutumia kikokotoo kinachojitokeza katika baadhi ya maswali. Mwanafunzi aliyehama juzi kutoka shule isiyokuwa na tarakilishi anahitaji hatua hii kuliko wengine, asije akapoteza alama kwa ugeni wa mashine.

Pili, alale vya kutosha na ale kiamshakinywa. Mtihani huu hauna kikomo kikali cha muda, kwa hivyo asome kila swali kwa utulivu na atumie karatasi kupiga hesabu. Mfumo wenyewe hugundua majibu yanayotolewa kwa kasi isiyowezekana na kumjulisha msimamizi.

Tatu, aelewe kwamba kukosekana kwa gredi hakumaanishi kuwa mtihani ni mchezo. Shule nyingi hutumia matokeo haya, pamoja na vigezo vingine, kuamua nani aingie darasa la juu na nani apewe masomo ya ziada. Kijana anayebonyeza ovyo huenda akawekwa katika darasa lisilomfaa. Naye anayesaidiwa ili apate alama za juu mwanzoni hujidhuru zaidi, kwani mtihani wa pili utakapofika ataonekana amerudi nyuma.

Nne, mzazi aliyehamia ugenini azingatie lugha. Alama duni za mtoto ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga huenda zikaonyesha upungufu wa lugha wala si wa akili, hata katika hisabati, kwa sababu baadhi ya maswali huandikwa kwa maneno. Ni haki yake kuuliza shule ni usaidizi gani unaoruhusiwa.

Hata hivyo, maandalizi makubwa zaidi hufanyika kati ya mtihani mmoja na mwingine. Mwalimu na mwanafunzi huketi pamoja, wakatazama sehemu iliyolegea, iwe ni aljebra au ufahamu wa kusoma, wakaweka lengo dogo linaloweza kufikiwa.

Somo hili linawahusu pia wazazi walio Kenya. Katika matokeo ya kwanza ya tathmini ya Gredi ya 9 (KJSEA), iliyofanywa mwaka wa 2025, mtihani wa mwisho ulichangia asilimia 60 pekee. Asilimia 20 ilitokana na tathmini ya Gredi ya 6, na nyingine 20 ikatokana na tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Safari ya mwanafunzi imeanza kuhesabiwa pamoja na kituo anachofikia. Haba na haba hujaza kibaba, na mtihani wa maendeleo huuliza tu kibaba kimejaa kiasi gani tangu kilipotazamwa mara ya mwisho.